Eliya Chini ya Mretemu
Neno kwa wazee wa kanisa, walimu, wainjilisti na wote wanaowazuru wagonjwa wa saratani



Mwezi huu twawaomba mfungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mkaisome yote polepole, na kama mko nyumbani basi someni kwa sauti mbele ya jamaa yote, kiisha mrudi kwetu hapa. Maana tumekusudia kunena habari za watu walio katikati yetu, ambao mara nyingi habari zao hazisemwi ila kwa kunong'ona: wale walioambiwa na madaktari ya kuwa wana saratani, nao, juu ya ugonjwa ule wa mwili, wameshikwa na ugonjwa wa pili, yaani huzuni isiyoondoka. Madaktari wa siku hizi huiita sonona.

Eliya hakuwa mtu wa imani haba. Muda si mrefu kabla ya hapo alisimama juu ya mlima Karmeli, peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, akaomba, na moto ukashuka. Kiisha akaja mjumbe mmoja kutoka kwa malkia Yezebeli na neno moja la kutisha, na mtu huyu aliyewashinda wote wale akakimbia kuiponya roho yake. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake huko. Liangalieni sana jambo hili dogo. Mtu aliyelemewa na huzuni huanza kwa kuwaacha watu wake. Akaenda nyikani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai, kwa kuwa hakujiona kuwa bora kuliko baba zake. Kiisha akalala.

Basi Mungu alimfanyia nini nabii aliyetaka kufa? Pengine tungalitazamia ya kuwa atamkemea, au atamkumbusha moto wa Karmeli na kumwuliza imani yake imekwenda wapi. Hasha! Hakumhubiri hata kidogo. Alimpelekea malaika, na mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji; akamwacha alale tena; akamwamsha mara ya pili apate kula, kwa maana safari ilikuwa kubwa. Na kule Horebu, ndani ya pango, alimwuliza swali: afanya nini mahali pale? Mungu ajuaye yote aliuliza, akangoja ajibiwe. Eliya akamimina yote aliyokuwa nayo moyoni, juhudi yake, upweke wake, na hofu ya kuwa watu waitafuta roho yake. Ukapita upepo, na tetemeko, na moto, kisha sauti ya utulivu. Naye akaulizwa swali lile lile mara ya pili, akajibu maneno yale yale, neno kwa neno. Wala hakuambiwa ya kuwa hayo amekwisha kuyasema.

Neno letu la mwezi huu limo lote katika swali lile. Mgonjwa wa saratani aliyeshikwa na sonona ahitaji mtu wa kumwuliza na kungoja jibu lake. Na kazi hiyo ya kuuliza na kusikiliza ni tiba kweli kweli, ina utaratibu wake na watu waliofundishwa kuifanya, wala si adui wa imani. Tena mtu amzuiaye mgonjwa asiseme, hata akifanya hivyo kwa maneno mema ya kanisani, amnyima dawa.

Msidhani ya kuwa jambo hili ni la wachache. Katika nchi ya Uskoti wagonjwa wa saratani 21,151 walichunguzwa katika kliniki zao, na habari zao zikatolewa mwaka 2014. Katika kila watu mia moja wenye saratani ya mapafu, 13 walikuwa na sonona kubwa. Katika wenye saratani za uzazi za wanawake, karibu 11. Katika wenye saratani ya matiti, 9. Na katika hao wote waliokutwa na sonona, 73 katika kila mia moja walikuwa hawapati tiba yoyote ya kufaa kwa ajili yake. Nao walikuwa wakihudhuria kliniki, wakapimwa damu, wakapigwa picha, uvimbe wao ukafuatwa kwa bidii. Lakini huzuni yao haikufuatwa na mtu. Ikiwa ni hivyo katika nchi yenye madaktari tele, yatupasa sisi wa huku kufungua macho.

Walakini kuitambua sonona ndani ya saratani si kazi nyepesi. Mtu mwenye sonona hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, hukonda, huchoka bila kufanya kazi. Lakini saratani yenyewe, na dawa zake, na mionzi, huleta mambo hayo hayo. Basi haifai kutazama mwili tu. Tazameni kama mgonjwa bado hufurahia yale aliyoyapenda. Mama aliyependa kuimba, je, kwaya ikija husikiliza, au hugeuza uso? Babu aliyependa wajukuu, je, huwaita, au husema watoto watoke nje kwa kuwa wamsumbua? Je, asema amekuwa mzigo, hafai kitu, ni heri wasipoteze fedha juu yake? Je, ajishtaki kwa mambo ya zamani yasiyo na kiasi? Hayo yakidumu karibu kila siku kwa muda wa majuma mawili au zaidi, basi si machozi ya kawaida tena, na daktari au muuguzi apaswa kuambiwa. Machozi ya kawaida nayo yana haki yake. Mtu aliyeambiwa leo ya kuwa ana saratani akalia juma zima si mgonjwa wa sonona. Analia kama mtu aliaye kwa kuwa ana sababu ya kulia, naye aachwe alie.

Sasa tuseme mzee wa kanisa amekwenda kumtazama bibi mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam, alikopigwa mionzi kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

"Ahsante. Waendeleaje, bibi?"

Bibi ananyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi nimechoka. Afadhali Bwana anitwae."

"La, bibi, usiseme hivyo! Mungu ni mwema. Haya, tuombe."

Wakaomba, na sala ilikuwa nzuri, nayo ilikuwa ndefu. Yule mzee akaaga akaenda zake, akaandika katika daftari lake ya kuwa mgonjwa amezuriwa. Na bibi akajigeuzia ukutani kama mfalme Hezekia. Ila Hezekia alipogeuka ukutani alisema na Mungu wake, na huyu hakuwa na neno tena la kumwambia mtu yeyote.

Mzee yule hakusema uongo, kwani Mungu ni mwema kweli. Lakini bibi alikuwa ameufungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, na sala ndiyo iliyoufunga. Ingalikuwaje kama angalisema, "Bibi, umechoshwa na nini?" kisha akanyamaza, akatazama chini, akangoja? Huenda bibi angalisema maumivu ya usiku yamemshinda. Huenda angalisema, kwa haya nyingi, ya kuwa mwili wake unatoa harufu, na kwa hiyo ameacha kuja ibadani, maana mara ya mwisho aliona wanawake wawili wakihama benchi. Huenda angalisema shamba la migomba limeuzwa kwa nauli na matibabu, na watoto hawamwambii, lakini yeye amekwisha kujua. Au huenda angalisema neno zito kuliko yote: ya kuwa aamini Mungu anampiga kwa dhambi ya ujana wake, kwa sababu ugonjwa umeshika mahali pale.

Haya ni mambo manne, na kila moja lina jibu lake. Maumivu yana mofini ya kunywa, ambayo tutasema habari zake hapo mbele. Harufu ile ina dawa, na muuguzi aijua, lakini hawezi kuitoa asipoambiwa. Shamba ni shauri la jamaa na la wazee wa usharika. Na juu ya lile la nne, kwanza aambiwe kweli ya madaktari, ya kuwa karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutoka katika kirusi kiitwacho HPV, kilichoenea mno, hata watu wengi sana waliooa na kuolewa hukipata wakati fulani katika maisha yao, na kwa wengi hutoweka chenyewe. Wala si alama ya uasherati. (Ndiyo sababu tangu mwaka 2018 wasichana huchanjwa katika Tanzania nzima, na mzazi anayewaficha binti zake siku ya chanjo afikiri upya.) Kiisha, kama bado ana dhambi imsumbuayo, mchungaji aje amsikilize na kumtangazia msamaha. Sala moja ya haraka haikuweza kuyajibu yote hayo, kwa sababu aliyeomba hakujua aombe nini.

Tuje sasa kwenye tiba yenyewe. Watu wakisikia neno "tiba ya mazungumzo" hucheka, wakisema, je, maneno yaweza kutibu? Mazungumzo tunayo sokoni bure. Basi tueleze jinsi ilivyofanywa.

Katika Uskoti ile ile walichukua watu 500 wenye sonona, ambao saratani yao ilikuwa na matumaini ya kutibika au kutulia kwa muda mrefu. Nusu waliachwa na huduma ya kawaida, yaani daktari wao aliambiwa ya kuwa wana sonona, afanye aonavyo. Nusu ya pili walipewa wauguzi wa saratani waliofundishwa kwa kazi hiyo. Muuguzi alikutana na mgonjwa mara zisizozidi kumi katika miezi minne ya kwanza. Alimweleza kwanza sonona ni nini, ya kuwa ni ugonjwa, una dawa. Kisha walitafuta pamoja mambo yanayomlemea, wakachagua moja tu, lile lililo karibu; wakafikiri njia mbalimbali za kulishika; mgonjwa mwenyewe akachagua njia moja, na hatua moja ndogo ya kufanya kabla ya kuonana tena. Waliporudi walitazama imekwendaje. Tena mgonjwa alihimizwa kurudia kidogo kidogo kazi zinazompa furaha, asingoje mpaka apate hamu, kwa maana katika sonona hamu huja nyuma ya kazi. Waliohitaji dawa za sonona walipewa na daktari, na wauguzi wenyewe walisimamiwa na madaktari wa magonjwa ya akili. Baada ya majuma 24, katika kila mia moja waliotunzwa hivyo, 62 sonona yao ilikuwa imepungua nusu au zaidi. Katika wale wengine, 17 tu. Watu 142 wenye saratani ya mapafu, ambao wengi wao hawakuwa na tumaini la kuishi sana, walijaribiwa kwa njia ya namna hiyo, nao pia walipata nafuu ya huzuni kuliko wenzao.

Mmeona? Si soga. Ni kazi yenye mwanzo na mwisho, na siku zilizowekwa, na mtu anayerudi. Na ndugu, ile hatua moja ndogo twaijua tangu zamani. Eliya alipokwisha kusema yote aliyokuwa nayo hakuambiwa auokoe Israeli wote kwa siku moja. Aliambiwa ashike njia ya nyika ya Dameski, na alipewa majina ya watu watatu, na mmoja wao, Elisha, akawa mwenzake wa kazi. Mtu aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba alirudishiwa mtu wa kutembea naye.

Huko Toronto, nchi ya Kanada, daktari Gary Rodin na wenzake wametengeneza njia nyingine kwa wale ambao saratani yao imeenea. Mgonjwa hukutana na mshauri mara tatu hata sita, na pengine mwenzi wake huwapo. Huzungumza habari za aina nne: maumivu ya mwili na jinsi ya kusema na madaktari, jinsi ugonjwa ulivyombadilisha yeye na watu wake wa karibu, maana ya maisha yake na mambo ya roho, na wakati ujao, pamoja na tumaini na mauti. Katika watu 305 waliojaribiwa, ambao habari zao zilitolewa mwaka 2018, wale waliopata mazungumzo haya walikuwa na huzuni kidogo kuliko wenzao baada ya miezi mitatu, na hata baada ya miezi sita. Angalieni ya kuwa mauti yametajwa humo kwa jina lake. Katika nyumba nyingi za Wakristo mauti hutajwa kwa wimbo na kwa mahubiri, lakini mbele ya mtu anayekufa watu wote huzungumza habari za mvua.

Lakini imetupasa kusema kweli yote, tusije tukawauzia watu tumaini la uongo. Mwaka 1989 daktari David Spiegel wa Marekani alitoa habari za wanawake 86 wenye saratani ya matiti iliyoenea. Wale waliokuwa wakikutana kila juma na kusemezana habari za ugonjwa wao walionekana kuishi muda mrefu kuliko wengine. Watu walifurahi sana, na wengine walianza kufundisha ya kuwa moyo ukichangamka saratani hufa. Ndipo wenzao wa Kanada wakalijaribu jambo lile lile kwa wanawake 235, na mwaka 2001 wakatangaza ya kuwa mazungumzo yale hayakuwaongezea siku za kuishi. Yaliwapunguzia huzuni, na maumivu pia yalipungua, hasa kwa wale waliokuwa na huzuni nyingi tangu mwanzo. Lakini siku zao zilikuwa zile zile.

Twalishika neno hili kwa nguvu, maana laondoa mzigo mbaya. Wako wahubiri wanaowaambia wagonjwa ya kuwa wakihuzunika watazidisha ugonjwa, na wakiamini sana uvimbe utayeyuka. Na mgonjwa asipopona huenda kaburini akiwa ameshtakiwa mara mbili. Huo si Injili. Wengine tena huwaambia waache mionzi na dawa, wakae katika maombi tu, na watu wamepoteza maisha kwa maneno hayo. Tiba ya mazungumzo haidai kuondoa saratani. Hutibu ugonjwa wa pili, ili siku alizo nazo mtu, zikiwa nyingi au chache, ziwe siku za kuishi.

Huenda mwalimu mmoja akasema: hayo ni ya wauguzi wa Uskoti, sisi kwetu kuna nini? Tuna urithi, ndugu, na pengine tumeusahau. Mwaka 1537 Martin Luther aliandika Makala za Smalkald, na mahali fulani alihesabu njia ambazo Injili hutujia. Alitaja neno linalohubiriwa, akataja Ubatizo, na Meza ya Bwana, na funguo za msamaha. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao. Aliyaweka katika orodha moja na mahubiri na sakramenti. Naye aliyajua anayoyanena, maana huzuni nzito ilimshika mara nyingi katika maisha yake. Mwaka 1530, alipomwandikia kijana Jerome Weller aliyekuwa akisumbuliwa na huzuni, alimshauri akimbie upweke, atafute watu, acheze na kucheka nao. Wako wanaodhani ya kuwa baba wa imani yetu angalimpa kijana yule sura kumi za Zaburi na kumfungia chumbani.

Wala haihitaji ngozi nyeupe wala shahada. Mjini Harare, nchi ya Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa mitaani, wengi wao wenye elimu kidogo, kuketi juu ya benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye ugonjwa ambao Washona huuita kufikiri kupita kiasi. Hatua ya kwanza kwao ina jina lenye maana ya kuifungua akili. Hukutana na mtu mara sita, nao hutumia njia ile ile ya jambo moja na hatua moja. Watu 573 walijaribiwa, na habari zilizotolewa mwaka 2016 zilionyesha ya kuwa walioketi na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hawa hawakuchaguliwa kwa sababu ya saratani, kwa hiyo tusiseme kupita mipaka. Lakini akina bibi wenye moyo wa namna hiyo twawajua; wamo katika kila usharika, wanakaa benchi la mbele. Walichopata wale wa Harare ni mafundisho, na mtu wa kuwasimamia.

Basi mzee wa kanisa asijifanye daktari. Kazi yake ni kufungua mlango, na kutambua, na kumwongoza mgonjwa kwa aliyefundishwa. Katika hospitali za kanisa na za serikali wamo wauguzi wa tiba shufaa, yaani matunzo ya kutuliza mateso ya ugonjwa usiopona upesi. Hospitali yetu ya Selian, Arusha, kwa miaka mingi imewafuata wagonjwa wa namna hiyo hata majumbani. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu nanyi ni nani afanyaye kazi hiyo, mwandike jina lake katika daftari la usharika, kabla hamjamhitaji.

Kuna utaratibu ambao ni lazima kuufuata: maumivu kwanza. Malaika alileta mkate kabla ya kuulizwa swali lolote. Mtu anayeungua na maumivu hawezi kuzungumza, na ukimwuliza habari za roho yake atakujibu lolote ili uondoke. Tangu mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha nyumba ya matunzo huko Uganda, wagonjwa wa Afrika Mashariki wamepata mofini ya maji, inayonywewa kwa kipimo, wala si ghali kuitengeneza. Baadhi ya jamaa huikataa wakidhani ni dawa ya kumwua mtu au ya kumfanya mlevi. Si hivyo, ikitolewa na mjuzi kwa kipimo chake huondoa maumivu na kumrudishia mtu usingizi wake. Tena mgonjwa asinywe vidonge vya sonona vya jirani, wala asinunue dukani kwa kubahatisha. Viko baadhi vinavyoizuia dawa ya tamoksifeni, wanayopewa wengi wenye saratani ya matiti, isifanye kazi yake vema. Daktari aambiwe dawa zote.

Na kama mgonjwa asema maneno kama ya Eliya? Msiogope, wala msimkemee. Yako maneno mawili yanayofanana: mmoja asema yu tayari Bwana akimwita, naye asema kwa amani, mwingine ataka kuukomesha uhai wake mwenyewe. Ulizeni waziwazi, kwa upole: "Bibi, umepata kufikiri kujitoa roho?" Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo, madaktari wamelichunguza jambo hili, wakaona ya kuwa mara nyingi mtu hupata nafuu akiulizwa. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, sumu ya mimea na akiba ya vidonge viwekwe mbali, na hospitali iambiwe siku ile ile, isingojwe kesho.

Limebaki neno la siri. Katika nyumba nyingi jamaa huambiwa ugonjwa, mgonjwa haambiwi, ati asife kwa hofu. Naye ajua. Ameona macho yao, amesikia sauti zikikoma aingiapo. Basi hukaa nyumba moja, yeye akiwaficha ya kuwa ajua, nao wakimficha ya kuwa wajua, na kila mtu yu peke yake. Hatusemi watu watamkiwe habari kama tarumbeta. Mgonjwa mwenyewe aulizwe: "Baba, daktari amekuambia nini? Ungependa kujua zaidi?" Akisema hapendi, aheshimiwe; akisema apenda, daktari aje aseme, na mtu wake mmoja aketi karibu.

Waendao kumzuru mgonjwa wa namna hii wawe wawili, wala si ishirini. Umati una siku yake na nyimbo zake, wala hatuulaumu, lakini hakuna mtu afunguaye moyo mbele ya kwaya. Msikae sana, kwa maana huchoka upesi, hasa siku za karibu na dawa. Nusu saa yatosha mara nyingi. Kabla ya kuondoka tajeni siku mtakayorudi, wala isitajwe siku msiyoweza. Ombeni mwisho, na kabla ya kuomba mwulizeni atakalo aombewe. Na akiwa hataki kusema neno lolote, msimlazimishe. Rafiki za Ayubu waliketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku wasiseme kitu, na hizo ndizo siku walizofanya vema. Shida ilianza walipofumbua vinywa. Chambueni maharage pamoja naye, kisha mrudi Alhamisi kama mlivyosema.